Wanafunzi wa Chicago na Watoto wa Mitaa ya Machinjioni

Clifford Shaw hakuwahi kuitwa Dokta. Wala mwenzake Henry McKay. Wote wawili walisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago miaka ya 1920, wote wawili waliondoka bila shahada, na husimuliwa kwamba kilichowakwamisha ni mtihani wa lugha za kigeni. Hata hivyo ni vigumu kupata kozi ya uhalifu wa vijana isiyowataja. Maprofesa waliowatuma mitaani walizeeka na vyeo vyao chuoni. Wanafunzi hao wawili walibaki na kazi ya mitaani maisha yao yote.

Yeyote aliyewahi kusimama nje ya mlango wa msimamizi wake akisubiri saini analijua swali linalofuata, hata kama hakuthubutu kulitamka. Utafiti huu ni wa nani? Ni wa mtoto anayehojiwa, wa mwanafunzi anayesaka shahada, au wa profesa ambaye jina lake ndilo linaloleta fedha? Chicago ilijibu swali hilo kwa namna tofauti kila kizazi.

Chuo chenyewe kilifungua milango mwaka 1892 kwa fedha za mafuta za John D. Rockefeller, na Albion Small akaanzisha humo idara ya sosholojia. Miaka miwili baadaye watu wa chuo walifungua nyumba ya huduma nyuma ya machinjio makuu ya jiji, katika mtaa ulioitwa Back of the Yards, na kumkabidhi Mary McDowell aiongoze. Mtindo huo wa wasomi kuhamia na kuishi kati ya maskini ulikuwa umeanza London mwaka 1884, pale Toynbee Hall, na Jane Addams alikuwa ameuleta Chicago mwaka 1889 kwa kufungua Hull House. Waliokwenda kwa McDowell walikuta tawi la mto lililotupwa matumbo na damu kiasi cha maji kutoa mapovu mchana na usiku. Wenyeji waliliita Kijito cha Mapovu. Watoto wa Wapolandi, Walithuania na Waslovakia walicheza kandokando yake.

Mwaka 1899 Chicago ikaanzisha mahakama ya watoto, ya kwanza Marekani. Kwa watafiti ile mahakama ilikuwa ghala: kila mtoto aliyefikishwa mbele ya hakimu aliacha nyuma yake faili. Sophonisba Breckinridge, mwanamke wa kwanza kupata uzamivu wa sayansi ya siasa chuoni hapo, na Edith Abbott, aliyekuwa mchumi, walilifungua ghala hilo wakiwa na wanafunzi wao. Walisoma mafaili ya miaka 10 ya kwanza, kisha wakatuma watu wakabishe hodi majumbani. Kitabu kilichotoka mwaka 1912 kilisema jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: anayetaka kumwelewa mtoto aingie kwanza nyumbani kwao, aone kuna vitanda vingapi na baba analipwa nini. Shule yao ndogo ya ustawi wa jamii ilimezwa na chuo kikuu mwaka 1920, na Abbott akawa mkuu wake mwaka 1924. Tutakutana nayo tena.

Mwaka 1923 fedha zikaja kwa wingi. Mfuko wa kumbukumbu ya Laura Spelman Rockefeller, mke wa yule tajiri, ulianza kugharamia utafiti wa jiji. Robert Park, mwandishi wa habari wa zamani, na Ernest Burgess, mtaratibu aliyependa ramani, wakawa na uwezo wa kumpa mwanafunzi posho, mtaa wake wa kuchunguza, na barua. Barua hiyo ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha mambo yote. Kijana asiye na jina asingeruhusiwa kugusa mafaili ya polisi, ya mahakama au ya taasisi ya utafiti wa watoto. Akiwa na sahihi ya profesa, makabati yalifunguka. Ndivyo Frederic Thrasher alivyoweza kuchapisha mwaka 1927 kitabu chake kuhusu magenge 1,313 ya vijana wa Chicago. Thrasher akapata jina. Magenge yakapata kuhesabiwa.

Shaw alikuwa mtu wa aina nyingine. Mtoto wa shamba kutoka Indiana, alijilipia masomo kwa kazi ya kuwafuatilia vijana waliotoka kifungoni au waliopewa adhabu ya nje. Kwa hiyo aliwafahamu kwa majina kabla hajawaona kwenye mafaili. Mwaka 1926 aliwekwa kuongoza kitengo cha sosholojia katika taasisi ile ya utafiti wa watoto, na McKay akaungana naye kama mtu wa takwimu. Mmoja aliongea na watoto, mwingine aliongea na namba. Sijui kama historia ya sosholojia ina ndoa ya kazi iliyodumu vizuri zaidi.

McKay alichukua anwani za maelfu ya watoto waliopita mahakamani na kuweka nukta kwenye ramani, nyumba kwa nyumba. Nukta zilirundikana karibu na viwanda, reli na katikati ya jiji, zikapungua kadiri mtu alivyokwenda pembezoni. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichoshangaza kilitokana na kulinganisha ramani za miaka mbalimbali. Wajerumani na Waayalandi walikuwa wamehama mitaa ile, wakaja Wapolandi na Waitaliano, kisha wakaanza kuja Wamarekani weusi kutoka kusini, na bado viwango vya uhalifu wa watoto mitaani humo vilibaki juu. Waliohama, watoto wao walitulia. Hii ilikuwa Marekani ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924, iliyoyapimia mataifa nafasi za kuingia kwa madai kwamba damu fulani ni mbovu. Wanafunzi wawili wasio na shahada walikuwa wameonyesha kwa nukta za wino kwamba tatizo limo katika mtaa, halimo katika damu.

Wakati huohuo Shaw alikuwa akimsikiliza kijana mmoja wa Back of the Yards, ambaye vitabuni anaitwa Stanley. Kazi yake ilikuwa kuwapora walevi usiku. Shaw alimwomba aandike maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, akamtafutia mahali pa kuishi na kazi. Simulizi hiyo ilitoka mwaka 1930, nayo ina maelezo ya Burgess ndani yake: profesa bado yupo, anamkingia kifua mwanafunzi wake, naye anavuna sehemu ya mavuno. Mkono mtupu haulambwi.

Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi, na Shaw akachoka na ramani. Mwaka 1932 alianza kazi South Chicago, kwenye viwanda vya chuma, katika mtaa wa Wapolandi unaoitwa Russell Square, kwa ushirikiano na kanisa lao Katoliki. Hakupeleka wataalamu. Aliajiri vijana wa palepale, wengine wakiwa wenyewe wamewahi kuona ndani ya jela, wakae vibarazani na watoto, waanzishe timu na kambi, wamfuate mtoto aliyekamatwa hadi kituoni. Uamuzi ulikuwa wa kamati ya wakazi. Wataalamu wa ustawi wa jamii walikasirika, na hasira yao inaeleweka: walikuwa wamehangaika miaka mingi ili kazi yao itambuliwe kuwa taaluma, na huyu anaikabidhi kwa mtu wa baa na padri wa mtaa. Mradi huo uliandikishwa rasmi mwaka 1934.

Miongoni mwa wafanyakazi wa Shaw alikuwamo Saul Alinsky, aliyeingia uzamili wa masuala ya uhalifu kwa ufadhili wa chuo na kuuacha bila shahada. Shaw alimtuma Back of the Yards ashughulikie uhalifu wa watoto. Alinsky aliona kwamba mtoto wa mfanyakazi wa machinjio hawezi kutenganishwa na mshahara wa baba yake, basi mwaka 1939, pamoja na Joseph Meegan, akaunda baraza la mtaa lililounganisha makanisa na chama cha wafanyakazi waliokuwa wakipambana na makampuni ya nyama. Baraza likaandaa chakula cha mchana kwa wanafunzi na huduma kwa watoto wachanga. Kwa taasisi ya utafiti hayo yalikuwa makubwa mno. Mwaka 1940 Alinsky aliondoka na kuanzisha mfuko wake mwenyewe wa kuwapanga maskini. Ni katika mkondo huo wa kazi ambapo mwaka 1985 kijana wa miaka 23 mwenye baba kutoka Kogelo, Barack Obama, aliajiriwa upande wa kusini wa Chicago.

Mwaka 1960 chuo kikuu kilitangaza mpango wa kujipanua kuingia Woodlawn, mtaa wa weusi uliopakana nacho upande wa kusini. Wakazi, wakiongozwa na mchungaji Arthur Brazier, waliungana katika shirika la mtaa kupinga, na aliyewapa waandaaji ni Alinsky, mwanafunzi wa zamani wa chuo hichohicho. Mwaka 1963, mbele ya meya, ilikubaliwa kwamba nyumba mpya za wenye kipato cha chini zijengwe kwanza ndipo ubomoaji wa kupisha chuo ufanyike.

Shirika la Woodlawn halikuishia kwenye ardhi. Mwaka 1967 lilipata kutoka serikali ya shirikisho karibu dola 927,000 za kuwafundisha kazi vijana wa magenge mawili makubwa ya hapo, Blackstone Rangers na Disciples, na baadhi ya waliofundisha walikuwa viongozi wa magenge wenyewe. Wazo la Shaw lilikuwa limefikishwa mbali kuliko alivyothubutu mwenyewe. Alikuwa amefariki mwaka 1957. Polisi walipinga, magazeti yakapiga kelele, na Baraza la Seneti likafungua uchunguzi.

Tathmini ya mradi ilikabidhiwa Irving Spergel, profesa wa shule ya ustawi wa jamii ya Chuo Kikuu cha Chicago, ileile ya Abbott na Breckinridge. Spergel hakuwa mgeni: kabla ya uprofesa alifanya kazi na magenge ya vijana New York. Ripoti yake ilitoka mwaka 1969. Mradi ulikuwa umefungwa mwaka uliotangulia.