Rangi Mbili na Umri wa Ukuta

Mwenye nyumba ashikaye vibao viwili vya rangi iliyopoa, iliyo kati ya chanikiwiti na samawati, hudhani kuwa hukumu ni ya jicho lake peke yake. Historia yamkanusha. Usione vyaelea, vimeundwa. Rangi mbili zaweza kufanana kama pacha siku ya kupakwa, na kila moja ikawa na asili yake na mwisho wake.

Katika karne ya 18 wapaka rangi wa Ulaya na Marekani walikuwa na njia mbili mashuhuri za kuipata rangi ya namna hiyo. Ya kwanza ni kutu ya shaba. Mjini Montpellier, Ufaransa, wanawake walipanga mabamba ya shaba pamoja na makapi ya zabibu yaliyochacha katika vyumba vya chini ya nyumba zao, kisha wakaikwangua kutu iliyoota. Ya pili ni buluu ya Prussia. Hii ilizuka Berlin yapata mwaka 1706, Diesbach alipokusudia kutengeneza rangi nyekundu kwa potashi ambayo, pasipo yeye kujua, ilikuwa imechafuka. Kila moja, ikitiwa risasi nyeupe kwa wingi na mafuta ya kitani, iliweza kutoa rangi ya upole.

Wakati ndio uliozitenga. Kutu ya shaba hupakwa ikiwa na ubuluu, ikageuka chanikiwiti, na baada ya miaka mingi uso wake huelekea kahawia. Buluu ya Prussia iliyozidiwa na nyeupe hufifia kwa mwanga, na mafuta yanapogeuka manjano, buluu hiyo huonekana chanikiwiti. Tena chokaa mbichi huiharibu. Kwa hiyo haikufaa kuta za chokaa.

Kutojali mabadiliko hayo kuliwapoteza hata wajuzi. Mwaka 1926 ilianza kazi ya kuufufua mji wa kale wa Williamsburg, Virginia, kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo. Kuta zilikwanguliwa tabaka kwa tabaka, na rangi zikalinganishwa kwa macho. Lakini macho yaliona rangi zilizokwisha kuzeeka. Katika miaka ya 1930 rangi za mfano huo ziliuzwa kwa watu wote, na nyumba nyingi za Marekani zikavaa upole uliodhaniwa kuwa wa wahenga. Miongo kadhaa baadaye, hadubini na kemia zilifunua kuwa wahenga hao walipenda rangi kali zaidi. Chumba kidogo cha kulia cha George Washington huko Mount Vernon kilipakwa kutu ya shaba mwaka 1785, na chanikiwiti yake haikuwa na upole wowote.

Basi upole unaosifiwa kuwa wa kale mara nyingi ni uzee wa rangi, si ujana wake. Mwenye kuchagua baina ya vibao viwili hana budi kuuliza zaidi ya lililo zuri leo. Na aulize rangi imeundwa kwa nini, itakaa juu ya ukuta gani, na itapigwa na jua kiasi gani. Jicho hujibu swali la siku moja. Ukuta hungoja majibu ya miaka.