Mshumaa wa manukato ya mimea
Mshumaa wa manukato ya mimea ni mshumaa wa nta ya nyuki, nta ya soya au parafini uliotiwa mafuta ya mimea inayonukia, kama lavenda, mchaichai, karafuu na langilangi, ua ambalo mafuta yake hutolewa kwa mvuke huko Komoro. Harufu hutoka hasa kwenye dimbwi la nta iliyoyeyuka kuzunguka utambi. Neva za kunusa huipeleka taarifa yake karibu moja kwa moja kwenye amigdala na hipokampasi, sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Kwa hiyo, kulingana na kumbukumbu za kila mtu, harufu ileile huweza kumtuliza mmoja na kumhuzunisha mwingine. Linaloli, mojawapo ya viambato vikuu vya mafuta ya lavenda, imepunguza wasiwasi kwa panya wa maabara. Mshumaa huu si tiba ya sonona, na kwa sababu ya moshi wake huhitaji kuwashwa katika chumba chenye hewa ya kutosha.