Taya Kabla ya Titani

Siku hizi taya lililoliwa na uvimbe huundwa upya kwa kompyuta: picha za CT hugeuzwa umbo la mfupa wenyewe, kisha titani huchapishwa kwa vipimo vya mgonjwa mmoja tu. Mwaka 2011 ajuza wa miaka 83 aliwekewa taya zima la chini la namna hiyo Uholanzi. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kwa mgonjwa wa Nakaloke, kaskazini kidogo ya Mbale, historia ya nchi yake inadai swali moja litangulie: uvimbe huu ni wa aina gani?

Swali hilo lilizaliwa Uganda. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwonyesha mwenzake Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, mtoto aliyevimba mataya yote, juu na chini. Wiki chache baadaye, hospitalini Jinja, Burkitt akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alipompima akakuta na tumbo lina uvimbe. Akapekua kumbukumbu, akachapisha matokeo 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari maili 10,000 hivi, hospitali hadi hospitali. Ikadhihirika kwamba ugonjwa huo wa watoto hupenda nchi za joto na mvua, penye malaria, na huadimika milimani. Kwa kipimo hicho uwanda wa Nakaloke na miinuko ya mlima Masaba iliyo jirani ni nchi mbili. Kisu kilishindwa, maana taya lilipokatwa uvimbe ulikuwa umeshafika kwingine. Dawa kama methotreksati na saiklofosfamaidi ziliuyeyusha kwa siku chache, mtoto akabaki na taya lake.

Mtu atapinga kwamba ameloblastoma, uvimbe mwingine wa taya, haisikii dawa hizo. Kweli kabisa. Hiyo hula mfupa polepole, na lazima ikatwe pamoja na ukingo wa mfupa wenye afya. Hapo titani, au mfupa mwembamba wa mguu unaohamishwa pamoja na mishipa yake, ni haki ya mgonjwa. Ila kwa macho matupu uvimbe mmoja waweza kudhaniwa mwingine. Anayeamua ni mtaalamu wa patholojia, kwa kipande cha nyama chini ya hadubini. Basi wenye kupanga bajeti ya Mbale, anzeni na maabara ya patholojia. Mashine ya kuchapisha mataya ifuate.