Ushuru wa Pwani, Mpunga wa Kilangali

Mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5. Wapagazi waliopitisha pembe za ndovu bonde la Mkondoa, Kilosa, hawakuwa na kauli katika kiwango hicho. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 1 Januari 2005, uliutoza mchele wa nje asilimia 75, na hiyo ndiyo kinga ya mkulima wa mpunga wa Kilangali. Kinga hiyo ina mlango. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele uingie bila ushuru ili bei ishuke mijini. Ikaanguka mashambani pia. Nafuu ya mlaji wa Dar es Salaam, ambayo siipuuzi, ililipwa na mkulima ambaye sahihi yake haihitajiki popote bandarini.