Safari Ndefu ya Plastiki Inayooza

Kenyatta Market, kando ya Barabara ya Mbagathi jijini Nairobi, ina sifa mbili: nyama choma na ususi. Kila sifa ina taka zake. Mabaki ya ugali, kachumbari na maganda ya viazi huoza na kurudi udongoni. Nywele za bandia zinazofagiliwa saluni, ambazo nyingi ni nyuzi za plastiki, hazipati wa kuzila ardhini. Taka hizo zikishachanganywa katika mfuko mmoja, hata kile ambacho kingekuwa mboji huharibika. Ndiyo maana historia ya plastiki inayooza, ingawa ilianzia kwenye maabara za mbali, inawahusu sana wachoma nyama na wasusi wa soko hili.

Politini ilipatikana kwa bahati mwaka 1933, wakati Eric Fawcett na Reginald Gibson walipokuwa wakifanya majaribio katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Mwaka 1965 kampuni ya Celloplast ya Uswidi ilisajili hataza ya mfuko mwepesi wenye mikono uliobuniwa na Sten Gustaf Thulin. Huo ndio mzazi wa majuala yaliyokuja kujaa Nairobi. Nguvu yake inatokana na minyororo mirefu mno ya kaboni na hidrojeni. Minyororo hiyo ndiyo inayowashinda bakteria na kuvu, maana hawapati mahali pa kuanzia kuivunja.

Katika miaka ya 1970, wanakemia wawili walijaribu kulitumia jua. James Guillet wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alipachika ndani ya mnyororo sehemu zinazonasa miale ya urujuanimno, ili mwanga uukate. Gerald Scott wa Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham, alitumia viambato vya metali vinavyoharakisha plastiki kuungana na oksijeni na kukatika. Mbinu zote mbili zilifanya kazi: mfuko ulioachwa juani ulikauka, ukapasuka, ukawa vipande. Lakini mfuko uliofukiwa chini ya taka hauoni jua. Tena kupasuka si kuoza. Chembe ya plastiki isiyoonekana kwa macho bado ni plastiki hadi viumbe hai waile na kuimaliza.

Njia nyingine ilikuwa imeshafunguliwa zamani. Mwaka 1926, Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alionyesha kwamba kuna bakteria wanaotengeneza plastiki mwilini mwao. Kwa kuwa viumbe ndio walioitengeneza, viumbe wengine wanaweza kuila. Mwaka 1990 plastiki ya aina hiyo, kwa jina Biopol, ilitumika kutengeneza chupa za shampuu Ujerumani, lakini bei yake ilikuwa juu mno kushindana na politini. Baadaye ikaenea plastiki ya sukari ya mahindi. Nayo ina sharti lake: ili ioze vizuri huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60.

Kenya haikuwangoja wanakemia. Mwaka 2005, utafiti uliohusisha shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ulipendekeza kupigwa marufuku kwa mifuko yenye unene wa chini ya maikroni 30. Mwanamazingira Wangari Maathai naye alionya kwamba majuala yanayokusanya maji ya mvua ni mazalio ya mbu. Majaribio ya kuidhibiti mifuko myembamba mwaka 2007 na 2011 hayakufua dafu. Huku nyuma, UNEP ilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya yalitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Kibera, jirani wa Kenyatta Market, watu wasio na vyoo walilazimika kujisaidia ndani ya majuala. Katika vichinjio vya Nairobi, mifuko ilitolewa matumboni mwa ng'ombe. Plastiki ikawa imemfikia hata mla nyama.

Huko Nakuru, mpiga picha James Wakibia aliendesha kampeni ya kutaka marufuku kamili. Tarehe 28 Februari 2017, Waziri wa Mazingira Judi Wakhungu alitoa ilani ya marufuku hiyo, iliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Watengenezaji wa mifuko walikwenda mahakamani, lakini tarehe 28 Agosti marufuku ikaanza, pamoja na faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha hadi miaka minne.

Miaka miwili baadaye, sayansi ilionyesha kwamba kungoja mfuko wa miujiza kungekuwa kosa. Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walichimbua mifuko iliyokaa udongoni miaka mitatu. Ule ulioandikwa kuwa unaoza ulikuwa bado unabeba bidhaa. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku plastiki zilizotiwa viambato vya kuzipasua.

Marufuku ya Kenya, hata hivyo, iliacha mifuko ya kuwekea taka. Pengo hilo liliguswa na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Mwezi Aprili 2024, NEMA iliagiza kwamba baada ya siku 90 taka zinazooza ziwekwe tu katika mifuko inayooza kwa asilimia 100.

Wabunifu wa nyumbani nao wameanza kuitika. Joseph Nguthiru, aliyesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Egerton, alianzisha HyaPak, inayogeuza gugumaji la Ziwa Naivasha kuwa vifungashio na vifuko vya miche. Uganda, kampuni ya Texfad inatengeneza nywele za kusukia kutokana na nyuzi za mgomba, na msusi wa Kenyatta Market ana kila sababu ya kuzifuatilia. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Kasarani, kilitangaza mwaka 2024 kwamba mabuu ya mbawakawa fulani wa Afrika hula plastiki ya polisitirini. Plastiki hiyo ilipochanganywa na pumba, mabuu yalivunja karibu asilimia 11.7 yake katika muda wa jaribio. Ni mwanzo mzuri, ila si ruhusa ya kuendelea kutupa ovyo.

Historia hii yote inafundisha kwamba kuoza hutegemea kitu chenyewe na pia mahali kinapoishia. Mfuko bora kuliko yote, ukipelekwa Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001, utafukiwa pamoja na plastiki ya kawaida. Kwa hiyo Kaunti ya Nairobi isiishie kukagua mifuko. Iweke Kenyatta Market na masoko mengine mapipa mawili, gari la kubeba taka zinazooza peke yake, na uwanja wa kutengeneza mboji. Bila hayo, neno "inaoza" kwenye mfuko litabaki tangazo la biashara, na mfanyabiashara atakuwa amelipia mfuko wa bei ya juu bure.