misi
kt [sie] (kuhusu injini) nguruma kwa kusitasita kwa kuwa silinda moja haichomi: Gari lilianza kumisi kati ya Pangani na Mkwaja. Asili: Kiingereza. Kikanushi: haimisi.

Matumizi: Gereji nyingi husema “silinda imekufa”, usemi unaopotosha. Mara nyingi kilichokufa ni plagi au koili, na mwenye gari asiyejua tofauti huweza kukubali injini ifunguliwe bure. Injini ikinguruma, chomoa soketi za koili moja baada ya nyingine. Ambayo ikichomolewa mlio haubadiliki, silinda yake ndiyo isiyochoma. Zima, badilishana plagi na silinda jirani. Misi ikihama, plagi ni mbovu. Isipohama, jaribu koili, kisha nozeli, na mwisho pima mgandamizo.