Nchi jirani: Ardhi iliyozama na ardhi iliyoinuka Ulaya ya Kaskazini

Mwaka 1913, mkulima aliyekuwa akichimba mtaro katika kinamasi cha Antrea, eneo lililokuwa chini ya Finland na ambalo leo limo nchini Urusi, aliibua mabaki ya wavu wa kuvulia samaki. Wavu huo ulisukwa kwa nyuzi za gamba la mti, ukatiwa maboya ya magome ya msonobari na chubwi za mawe. Una umri wa zaidi ya miaka 10,000. Mwaka 1931 likatokea jambo la kinyume chake. Meli ya uvuvi Colinda, ikikokota nyavu katika Bahari ya Kaskazini, kiasi cha kilomita 40 kutoka pwani ya Norfolk nchini Uingereza, ilipandisha bonge la udongo wa kinamasi. Ndani yake mlikuwa na ncha ya chusa iliyochongwa kwa pembe la mnyama, yenye umri wa zaidi ya miaka 13,000.

Kwa nini wavu ulikutwa nchi kavu, na udongo wa nchi kavu ukakutwa baharini?

Uzito wa barafu

Katika kilele cha enzi ya mwisho ya barafu, miaka ipatayo 20,000 iliyopita, karibu Skandinavia yote ilifunikwa na barafu yenye unene uliofikia kilomita 3 hivi. Maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takriban mita 120. Barafu ilipoyeyuka, mambo mawili yalitokea. Bahari ilijaa na kufunika nyanda za chini za kusini. Kaskazini, ardhi iliyokuwa imekandamizwa ilianza kuinuka, kama godoro linavyofumuka mtu anapoondoka juu yake.

Kuinuka huko hakujakoma. Katika pwani ya Höga Kusten nchini Sweden na visiwa vya Kvarken nchini Finland, ardhi hupanda kwa karibu milimita 8 kila mwaka. Alama za ufuo wa kale huko Höga Kusten zimo mita 286 juu ya bahari ya leo. Maeneo hayo mawili yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Nchi iliyomezwa

Eneo lililozama kati ya Uingereza, Uholanzi, Ujerumani na Denmark huitwa Doggerland, jina lililotolewa na mwanaakiolojia Bryony Coles mwaka 1998 kutokana na fungu la Dogger lililomo katika bahari hiyo. Palikuwa na mito, maziwa na misitu, na watu walioishi kwa kuwinda, kuvua na kukusanya matunda. Maji yaliwapunguzia nchi kizazi baada ya kizazi. Kisha, miaka ipatayo 8,150 iliyopita, mteremko wa sakafu ya bahari uliporomoka huko Storegga, karibu na pwani ya Norway, ukazusha tsunami iliyoacha tabaka za mchanga hadi Uskoti na visiwa vya Faroe.

Kwa sababu hiyo, watafiti wa nchi jirani huzitafuta pwani za kale mahali tofauti. Nchini Denmark hupiga mbizi. Huko Tybrind Vig, magharibi mwa kisiwa cha Fyn, kati ya mwaka 1978 na 1987 walifukua chini ya maji makazi ya wavuvi. Walikuta mitumbwi, makafi yenye nakshi, na kaburi la msichana aliyezikwa pamoja na mtoto mchanga. Nchini Norway, kinyume chake, hupanda mlimani. Michoro ya miambani huko Alta ilichongwa karibu na maji. Kwa kuwa ardhi imeinuka, kwa kawaida michoro iliyo juu zaidi ndiyo ya kale zaidi.

Kinachoweza kupotea

Udongo wa baharini usio na hewa umehifadhi mbao, nyuzi na mifupa ambayo nchi kavu ingekwisha kuoza. Lakini mikondo, minyoo ya mbao na nyavu za kukokota zikiufunua, hifadhi hiyo huharibika upesi. Sasa sakafu hiyo hiyo inajengwa mitambo ya upepo. Ujenzi huo huleta hatari na pia maarifa: timu ya Vincent Gaffney nchini Uingereza ilichora mito na mabonde ya Doggerland kwa kutumia vipimo vilivyokusanywa na kampuni za kutafuta mafuta.

Kifaa kilichookotwa bila mahali pake kujulikana hupoteza sehemu kubwa ya habari zake. Ndiyo sababu sheria ya Denmark huyalinda makazi ya kale yaliyozama. Anayekutana na jiwe lililochongwa au mfupa wa kale ufuoni anashauriwa kupiga picha, kuandika mahali alipokiona kitu hicho, na kuiarifu makumbusho iliyo karibu.